Mashirika yaungane, sawa, lakini waanzie gereji siyo hotelini

Ndugu mhariri,

Salamu kutoka Arua, mtaa wa Oli. Naandika juu ya hii habari ya mashirika ya jamii kuungana ili wafundishe vijana kazi na kuwatafutia ajira. Sa hii huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, kila ofisi unayopita mlangoni unasikia ushirikiano, ushirikiano, na mimi sina ubaya na ushirikiano, ila nataka niulize kitu kimoja mapema kabla hawajamaliza kugawana vyeo na bajeti. Kwenye hiyo meza mwenye gereji amekaa wapi? Mwenye saluni yuko wapi, na yule mama wa hoteli ya chakula sokoni anayeajiri wasichana sita bila kuandika barua hata moja? Maana mimi mpaka leo kiti chao sijakiona.

Kwa nini ushirikiano umekuwa mtamu ghafla tunajua wote. Mwaka 2025 Marekani walifunga USAID, shirika lao la misaada, na mwezi wa tano mwaka huo huo WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ikatangaza kwamba imekata chakula cha wakimbizi karibu milioni moja hapa Uganda. Mji wetu ambao ulikuwa unaishi kwa pesa ya miradi uliumia haraka sana. Madereva, walinzi, wapishi, makarani, watu waliokuwa na mikataba mizuri, wakarudi mtaani kutafuta kazi pamoja na wale wale vijana ambao ofisi zao zilikuwa zinawafundisha. Sasa ofisi zilizobaki pesa ni kidogo, hakuna tena uwezo wa kila mtu kuwa na senta yake, jenereta yake na mwalimu wake, ndo wanasema tuungane. Sawa. Hata kama ni njaa imewaleta pamoja, mi nasema afadhali, ila isije ikawa wanaungana kwenye karatasi ya kuomba pesa tu, nembo nane zimepangwa chini ya ukurasa, alafu pesa ikifika kila mtu anakata kipande chake anarudi kwao.

Mimi ni fundi. Upande mmoja tunachomelea, upande mwingine tunafungua magari. Mzee wangu alishika spana kwa Mhindi hapa Arua kabla ya 1972, na Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke, mabosi wakaenda, magari yakabaki, na wale vijana waliokuwa wanashika tochi na kuosha bolti kwa petroli ndo wakawa mafundi wakubwa wa mji kwa lazima. Baadaye vita vya 1979 na 1980 vikatusukuma sisi wote Zaire na Sudan, na huko mzee alifungua magari mji wa Aru, upande wa Zaire, chini ya mwembe, akatulisha. Hajawahi kukaa darasani kwa ajili ya hiyo kazi hata siku moja. Na mtu akitaka mtoto wake ajifunze, alikuja na mtoto mkononi, sukari kilo mbili, pesa kidogo kama ipo, wakakaa kwenye benchi wakaelewana, mtoto akaanza kwa kufagia, akasogea kwenye kufungua tairi, akasogea kwenye injini. Akitoka hapo anatoka na boksi lake la spana na kila dereva anamjua jina.

Simaanishi turudi zamani, la, hiyo njia nayo ina ubaya wake na nitausema hapo chini. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho miradi mingi imekosa, yani anayefundisha ndo huyo huyo anayeajiri, au anamjua anayeajiri. Kazi na mafunzo vilikaa nyumba moja.

Sasa angalia miradi. Kozi ni zile zile tangu lini, kushona, saluni, sabuni ya maji, mkate, pikipiki. Nani alichagua? Mtu ofisini Kampala, au hata mbali zaidi, fimbo ya mbali haiui nyoka lakini watu hawachoki kuirusha. Mtaani kwetu waliofundishwa kushona wamekuwa wengi kushinda nguo za kushonwa, kwa sababu sokoni mtumba ni bei ya chini kuliko hata kitambaa chenyewe kabla hujalipa fundi, na kazi ya kushona inayolipa kweli, sare za shule, inataka mtu mwenye mashine kadhaa na mtaji wa kununua jora zima la kitambaa kabla shule hazijafunguliwa. Msichana mmoja na cherehani moja atashindana vipi na hapo?

Na kuna binti mmoja jirani, sitamtaja, amefundishwa mara tatu. Ofisi ya kwanza ikamfundisha kushona. Ofisi ya pili saluni. Ya tatu kushona tena, na alienda kwa sababu walikuwa wanatoa chakula cha mchana na nauli ya boda, na ana mtoto. Mi simlaumu kabisa, mngekuwa nyinyi mngeenda pia. Ila fikiria hesabu yake, kwenye ripoti za mashirika matatu yuko kama vijana watatu waliopata ujuzi, na nyumbani kwao yuko msichana mmoja hana kazi. Cherehani ya kwanza iliuzwa mwezi haujaisha maana kodi ya chumba ilikuwa imefika, na aliyeinunua, nasikia, ni mtu anayezikusanya cherehani za miradi na kuziuza tena, wakati mwingine kwa watu wa miradi wenyewe. Biashara ni biashara bana.

Kama hizo ofisi tatu zingekuwa na orodha moja tu, daftari moja, jina la kijana, amesoma nini, wapi, nani alimlipia, yuko wapi leo, hiyo isingetokea. Hapo ndo mi naona ushirikiano uanzie, siyo kwenye fulana za rangi moja. Lakini najua orodha ndo kitu kigumu zaidi kugawana, kwa sababu orodha ndo pesa. Shirika likionyesha mwenzake majina, linaogopa mwenzake atayachukua akaombee pesa. Basi waiweke kwa mtu wa katikati, kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa divisheni, na mwenyekiti wa LC1, yani wa mtaa, awe anaithibitisha maana yeye anajua nani anakaa kwake na nani amekuja juzi kwa sababu amesikia kuna mradi.

Jambo lingine ni kuuliza mji unataka kazi gani. Nitatoa mfano wa umeme kwa sababu huo nauishi. Miaka mingi West Nile hatukuwa kwenye gridi ya taifa. Tulikuwa na jenereta ya kampuni, alafu 2012 likaja lile bwawa la umeme la Nyagak la megawati 3.5, ambalo lilitakiwa lihudumie mkoa mzima, na ukame ukija maji yanapungua na sisi tunakaa giza. Fundi wa weldingi alikuwa anafanya kazi usiku wa manane umeme ukirudi, au ananunua dizeli faida yote inaishia kwenye tangi. Wakati huo huo kuna senta zilikuwa zinatoa vijana wa weldingi kwa makundi, wamejifunzia kwenye jenereta ya mradi, wanakuja mjini na cheti wanakuta hata sisi wenye miaka kwenye hiyo kazi tumekaa tunacheza ludo tunasubiri umeme. Tungewaajiri na nini?

Alafu 2024 gridi ikafika, mwaka ule ule bwawa la umeme la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa. Mambo yakageuka. Milango, madirisha, mageti, stendi za matangi ya maji, kila mtu anajenga, na mashine zinazokula umeme mwingi ambazo zamani hukuweza kuzifikiria sasa zinawezekana. Leo kazi inayotutafuta ni kufunga nyaya za nyumba vizuri bila kuunguza nyumba ya mtu, kurewaindi, yani kusuka upya nyaya za, mota za mashine za kusaga zilizoungua, friji, aluminiamu ya madirisha ya maduka. Mota ikiungua hapa watu wengine bado wanaipakia kwenye basi mpaka Kampala! Hiyo ni kazi inapanda basi inatuacha. Na miradi inafundisha nini mwaka huu? Sabuni ya maji. Na wangeweza kujua yote haya kwa kukaa nusu siku tu kwenye benchi la gereji yoyote hapa, chai ya maziwa na chapati, bei yake haifiki hata ya ile chupa ya maji ya semina.

Binti yangu anasoma Muni University, siku moja akanionyesha kwenye simu utafiti wa wachumi waliofanya na shirika la BRAC hapa hapa Uganda, walianza mwaka 2012, vijana karibu 1,700. Wengine waliwapeleka vyuo vya ufundi miezi sita, wengine wakawapeleka moja kwa moja kwa wenye biashara wajifunze kazini, pia miezi sita. Mi nilitaka kusikia kwamba sisi wa gereji tumeshinda, nikamwambia soma haraka ufike mwisho. Kumbe ilikuwa hivi, makundi yote mawili kipato kilipanda. Wale wa kazini walianza kushika pesa mapema, lakini baada ya muda wale wa chuo wakawafikia na kuwapita, na sababu ni kwamba wa chuo ana cheti, akikosa kazi hapa anaenda kuonyesha pale. Wa kazini ujuzi wake unajulikana na bosi wake peke yake. Bosi akifunga, kijana anaanza upya kama hajui kitu.

Hiyo iliniuma kidogo lakini ni kweli tupu. Nina vijana wamepita kwangu wanaweza kukuundia lori bodi nzima, lakini wakienda kuomba kazi kwenye kampuni ya barabara wanaulizwa karatasi, hawana, wanapewa koleo la kuchotea mchanga. Na wale wenye karatasi ya chuo ukiwapa rodi mkono unatetemeka. Kila upande una nusu. Ndo maana nasema mashirika yakitaka kuungana, kazi yao kubwa ni kuunganisha hizi nusu mbili, wala wasijenge senta mpya. Kijana akae chuo miezi michache apate msingi, kusoma mchoro, kupima, usalama, alafu aje gereji kwa muda wa kutosha, alafu apelekwe mtihani.

Na huo mtihani upo siku nyingi! DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya kazi, ilikuwa inatoa cheti kinaitwa Worker's PAS, hicho hawakuulizi umefika darasa la ngapi, wanakupima kazi ya mkono. Siku hizi baada ya sheria mpya ya elimu ya ufundi (TVET) ya 2025 mambo ya mitihani yamehamia kwenye bodi mpya, UVTAB. Mafundi wengi hapa hawajawahi hata kusikia, na wanaosikia wanashindwa ada au hawajui mlango gani wa kugonga. Shirika moja lingesema sisi kazi yetu ni hiyo tu, kukusanya mafundi na wanafunzi wa mji huu, kuwaletea wapimaji hapa hapa badala ya kila mtu kwenda kivyake, kulipa ada nusu na gereji ilipe nusu, lingefanya kitu kikubwa kuliko semina zote za ujasiriamali nilizowahi kukaa. Na nimekaa nyingi, najua kuchora ule mti wa matatizo hata nikiwa usingizini.

Wakimbizi siwezi kuwaacha nje ya barua hii kwa sababu bila wao Arua siyo Arua. Rhino Camp iko pale tangu 1980, Imvepi ikafunguliwa tena 2017, na Bidibidi ya Yumbe ilianza 2016 ikawa kati ya kambi kubwa duniani kwa miezi michache tu. Sheria ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, hiyo ni sheria nzuri na tunasifiwa nayo nchi za nje. Lakini sheria haimpandishi mtu gari. Kijana wa Imvepi akipata nafasi kwenye gereji yangu atalala wapi? Nauli ya kila siku inamaliza kila kitu. Kwa hiyo anafundishwa kambini, kwenye kambi ambayo magari ya kutengeneza ni yale ya mashirika, na mashirika wana gereji zao Kampala. Alafu tunashangaa hana kazi.

Wapo wanaojua kutatua hilo, na siyo mashirika makubwa. Ni vile vikundi vidogo vya wakimbizi wenyewe, wanajua familia gani mjini ina chumba, kijana gani ni mtu wa kazi na yupi anakuja kwa ajili ya posho, na nani ana ndugu Oli anaweza kumpokea. Misikiti na makanisa pia. Hapa Oli mtu anaongea Kinubi asubuhi, Kiswahili mchana, Kilugbara jioni na Kiarabu cha Juba akienda kununua mkaa, kwa hiyo kijana wa Sudan Kusini hapotei. Ila hivyo vikundi kwenye ushirikiano huwa vinaitwa siku ya kupiga picha. Vinapewa kazi ya kuhamasisha, yani kuita watu waje wakae kwenye viti, na pesa ya kuhamasisha ni soda. Kama ushirikiano ni wa kweli wapewe bajeti yao ya makazi ya wanafunzi, waisimamie, waandike risiti kama wengine.

Na vijana wa hapa wasiokuwa wakimbizi wasisahauliwe. Utaratibu unasema asilimia 30 ya huduma za wakimbizi iende kwa wenyeji, lakini kijana wa Dadamu hapa Arua hajui hiyo 30 inagawanywa wapi, anaona tu gari linampita linaelekea kambini. Hasira ya hapo ni ya kweli na siyo chuki. Ile orodha moja ikiwa wazi, imebandikwa ukutani kwa LC1, mtu anajionea mwenyewe nani amepata na nani bado, maneno mengi yatapungua.

Sasa kuhusu ajira yenyewe, hapo ndo mashirika wananyamaza. Mafunzo yanaisha, kuna sherehe, mgeni rasmi, vyeti, ngoma, na kesho yake simu ya ofisi haipokelewi. Kwenye wilaya kuna ofisa wa kazi, mtu mmoja, mara nyingi hata usafiri hana, na yeye ndo anatakiwa ashughulikie migogoro ya mishahara, ajali za kazini na kutafutia watu kazi. Ukiwa huna wa kukuonyesha mlango unafuata anayekuonyesha wowote, na kwa wasichana wetu siku hizi mlango huo ni Uarabuni. Mawakala wanapita mpaka vijijini, mzazi anauza ng'ombe, anauza hata kipande cha shamba, na wengine hao mawakala ni watu wa simu tu, hawana kampuni. Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii inazo kampuni zilizopewa leseni na majina yapo. Ni vigumu kiasi gani kwa mashirika matano yaliyoungana kuweka mtu mmoja, dawati moja, pale stendi ya basi au sokoni, kazi yake mzazi akija na jina la kampuni anamwangalizia kama lina leseni kabla ng'ombe hajauzwa? Dawati hilo hilo fundi anaweza kuja kusema nataka watu wawili wa kupaka rangi wiki hii, mwenye lodji anataka mpishi, na kijana anaangalia ubao. Hiyo ndo huduma ya ajira. Haihitaji programu ya simu. Nimeona programu mbili za simu za kutafutia vijana kazi zikizinduliwa hapa kwa keki, sijaona mtu hata mmoja aliyeajiriwa nazo, labda yule aliyezitengeneza.

Kuna watu watasema serikali tayari inatoa pesa. Ndio, inatoa. PDM, mpango wa serikali wa kukopesha watu kupitia parishi, ilizinduliwa Februari 2022, shilingi milioni 100 kwa kila parishi, mtu anaweza kupata mpaka milioni moja, lakini hiyo imewekewa kilimo na mifugo, mrewainda mota akienda kuomba ataambiwa afuge kuku. Emyooga ya 2019, mpango mwingine wa mikopo wa serikali, ndo ilitukumbuka sisi, mafundi wa weldingi, makanika, maseremala, watu wa saluni, kila kundi na chama chake chini ya sako (chama cha akiba na mikopo) ya jimbo. Wazo zuri sana. Sehemu nyingi pesa ya kwanza ilikopwa na watu wa karibu na viongozi na haikurudi, lakini vyama vipo, vimeandikishwa, vina wenyeviti. Mashirika badala ya kuunda vikundi vipya kila mwaka na katiba mpya ya kurasa kumi, wangetumia hivyo. Chama cha makanika kingekuwa ndo kinasema gereji ipi inafaa kupokea wanafunzi na ipi haifai.

Kwa sababu zipo zisizofaa, na hapa ndo naingia kwenye ubaya wetu niliosema. Sisi mafundi siyo malaika. Kuna gereji kijana anakaa mwaka mzima anatumwa sigara na chai, anaosha magari, hajaguswa kufundishwa, yani ni mfanyakazi wa bure. Kuna watoto wadogo wamewekwa kwenye weldingi bila miwani, usiku macho yanawasha kama yametiwa pilipili, wanawekewa maziwa na bibi zao. Na wasichana, mhariri, tuseme ukweli, wasichana wachache wanaojitokeza kujifunza ufundi wa magari wanasumbuliwa, na bosi mwingine ndo msumbufu wa kwanza. Mzazi akisikia hivyo anamrudisha binti kwenye kushona, na mi namwelewa. Kwa hiyo mashirika hapa wana kazi ambayo sisi wenyewe hatuwezi kujifanyia. Waandike makubaliano, karatasi moja tu, kwa Kiswahili au Kilugbara, fundi atafundisha nini kila mwezi, kijana atapata chakula na nini, saa za kazi, vifaa vya usalama nani ananunua. Wamtume mama mtu mzima anayeheshimika apite bila kutoa taarifa aongee na wanafunzi pembeni. Gereji ikikosea itolewe kwenye orodha, na isirudi kwa sababu mwenye gereji ni shemeji wa diwani.

Na fundi alipwe. Watu wa mashirika hili hawalipendi, wanasema fundi anapata mfanyakazi wa bure tayari. Siyo kweli miezi ya mwanzo. Kijana mpya anaharibu, rodi zinaisha, grainda inaungua, mteja analalamika mlango umepinda, na mimi nasimama kufundisha wakati ningekuwa namaliza kazi. Mwalimu wa senta analipwa mshahara kwa kufundisha vijana wasioona mteja hata mmoja. Mimi nifundishe mbele ya mteja halisi kwa soda? Kiasi kidogo kwa kila mwanafunzi kila mwezi, na nusu ya pesa ibaki mpaka kijana afanye mtihani apite. Hapo hata fundi mvivu ataamka. Vile vifaa vya kuanzia navyo wasimpe kijana siku ya sherehe, wampe baada ya miezi sita akiwa anafanya kazi, kwangu au kwake au popote, maana akishakuwa na wateja hawezi kuuza mashine inayomlisha. Na mtu awapigie simu baada ya hiyo miezi sita, na baada ya mwaka tena, na jibu liandikwe hata kama ni baya. Mfadhili akitaka picha, apige ya hapo.

Sisi mafundi wa Oli na wachache wa Mvara tumeshaongea kati yetu, wapo walio tayari kupokea vijana wawili wawili, wakiwemo wasichana, kwa masharti hayo. Mwenyekiti wetu wa LC1 anatujua wote. Ofisi yoyote inayotaka kuanza isitutumie barua ya mwaliko wa hotelini, ije siku ya kazi, asubuhi kabla ya saa nne maana baada ya hapo wateja wanajaa, na ije na ile orodha ya vijana iliowafundisha miaka mitatu iliyopita, tuanze kwa kutafuta hao wako wapi.

Ni mimi,
Fundi wa Oli, Arua